Riwaya za Kiswahili kwa Vijana wa Vulamba: Zipi Zisomwe, na Zisomwe Vipi?

Utangulizi

Kijana wa Vulamba, huko Kivu ya Kaskazini, anaishi katika lugha tatu. Nyumbani husikia Kinande, ambacho wengine hukiita Kiyira. Sokoni, njiani na mbele ya redio hutumia Kiswahili. Darasani husoma na kuandika Kifaransa. Katika mgawanyo huu Kiswahili ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya maingiliano yake na watu wasio wa ukoo wake, lakini ndicho kinachopata nafasi finyu kwenye ukurasa uliochapwa. Ukiondoa Biblia, vitabu vya nyimbo na matangazo, kijana huyu anaweza kumaliza shule ya sekondari bila kusoma hata kitabu kimoja cha hadithi katika lugha anayoitumia kila siku.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 nayo ilitoa nafasi kwa lugha za taifa katika ufundishaji. Hata hivyo, lugha haipati wasomaji kwa sheria peke yake. Hupata wasomaji pale panapokuwa na vitabu ambavyo mtu angependa kuvisoma hata kama hakuna mtihani unaomngoja.

Makala haya yanakusudia kueleza ni riwaya zipi za Kiswahili, kati ya zile zilizochapwa Kenya na Tanzania katika miongo ya karibuni, zinazomfaa kijana wa Vulamba, na ni kwa njia gani zinaweza kusomwa naye bila kumdhalilisha. Hoja yetu ni kwamba riwaya hizi zinamfaa kwa sababu zinasimulia mambo anayoyajua, na wala si kwa sababu zitamfundisha kusema “Kiswahili kizuri”. Msomeshaji akikosa kuitambua tofauti hiyo, huenda akaiharibu kazi yote.

Riwaya ya vijana ni ipi?

Wahakiki wengi hutenga fasihi ya watoto na fasihi ya watu wazima, na hivyo kijana huachwa katikati bila makazi. Kwa madhumuni ya makala haya, riwaya ya vijana ni ile ambayo mhusika wake mkuu yumo katika kivuko cha kutoka utotoni kuingia utu uzima, na ambayo maswali yake makuu ni ya kivuko hicho: nimetoka wapi, nimwamini nani, na nifanye nini na maisha yangu?

Katika Afrika ya Mashariki, aina hii ya riwaya imelelewa na shule. Kitabu kikishateuliwa kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne, huchapwa kwa wingi, hushuka bei na husambaa hata vijijini. Faida hiyo haina budi kutajwa. Lakini ina gharama yake, kwani kitabu teule husomwa kwa kutafuta dhamira, tamathali na sifa za wahusika, na mara nyingi mwanafunzi huuacha mwongozo ukasoma kitabu kwa niaba yake. Tena, shule yenye uwezo wa kukipandisha kitabu ina uwezo wa kukizuia. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kuzungumza waziwazi juu ya msichana anayepotezwa na malezi ya ukali, ilipigwa marufuku shuleni kabla ya kukubaliwa baadaye kuwa miongoni mwa kazi za msingi za fasihi ya Kiswahili.

Hapa Vulamba ina bahati moja isiyotajwa. Kwa kuwa riwaya hizi hazimo katika mtihani wa taifa wa Kongo, kijana atakayezisoma atazisoma akiwa huru. Aidha, upya wa kitabu kwake haupimwi kwa mwaka wa chapa. Riwaya ya mwaka 1996 ambayo haijawahi kufika Butembo ni mpya Butembo.

Riwaya za njia

Vulamba ni nchi ya wasafiri. Wafanyabiashara wa Butembo wamejulikana kwa miongo mingi kwa kupeleka kahawa na mazao mengine nje na kuleta bidhaa kupitia Kasindi, Uganda na Kenya, hadi bandari ya Mombasa na ng'ambo yake. Kijana aliyekulia katika mji kama huo hahitaji kuelezwa maana ya mpaka, kibali au dereva asiyefika siku aliyoahidi. Kwa sababu hiyo, riwaya za safari ndizo mlango wa kwanza unaofaa.

Kwa wadogo, wenye umri wa miaka kumi na miwili hivi, pana Marimba ya Majaliwa ya Edwin Semzaba, iliyotolewa na E&D Vision mwaka 2008. Mvulana Majaliwa anazunguka Tanzania akiitafuta marimba iliyoibwa, na katika kuzunguka huko msomaji hupata jiografia, mila na vichekesho vya nchi nzima. Ajabu za ngano zimechanganywa na mambo ya kweli, kiasi kwamba mtoto aliyezoea hadithi za bibi jikoni hatajiona mgeni. Semzaba, aliyefariki mwaka 2016, alikuwa pia mtu wa tamthilia, na masimulizi yake yanasomeka vema kwa sauti.

Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapwa na Longhorn mwaka 1996, ni ya wale waliokwisha kuingia sekondari. Msanifu Kombo, aitwaye pia Kongowea Mswahili, ni mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga. Mama anafariki, mtoto anabaki mikononi mwa watu wasiomtaka, na baba hamjui. Anavuka mpaka na kuingia Kenya kumtafuta, na safari hiyo inamfikisha hadi upande wa Kitale, mbali kabisa na pwani. Mvuto wa riwaya hii unatokana na swali lake moja linaloeleweka na kila mtu: mtoto asiye na baba ataitwa nani? Katika nchi ambamo vita vimewatenganisha wazazi na watoto, swali hilo si la kitabuni tu.

Kwa wenye umri mkubwa zaidi, Mbali na Nyumbani ya Adam Shafi, iliyotolewa na Longhorn mwaka 2013, inasimulia ujana wa mwandishi mwenyewe alipoondoka Zanzibar akiwa na tamaa ya kwenda kusoma ng'ambo, akashika njia ya Kenya, Uganda na Sudani hadi Misri. Hakuna mapambo mengi. Kuna njaa, bahati, marafiki wa njiani na ujanja wa kijana asiye na fedha. Msomaji wa Beni ataona kwamba njia ya Kampala, ambayo kwake ni njia ya malori, iliwahi kuwa pia njia ya mtu mwenye ndoto na begi dogo. Ataona vilevile kwamba kuondoka kuna gharama, na kwamba mwandishi haifichi gharama hiyo.

Riwaya za nyumba iliyovunjika

Tangu Oktoba 2014 wilaya ya Beni imekumbwa na mauaji ya raia yaliyowafanya watu wengi wayahame mashamba yao. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 hadi tarehe 25 Juni 2020, Beni, Butembo na sehemu za jirani zilipambana na ugonjwa wa Ebola, ambao uliua watu zaidi ya 2,200. Kijana aliyekuwa na miaka minane mwaka 2014 ni mtu mzima sasa, na sehemu kubwa ya maisha yake imepita katika mambo haya. Riwaya atakayoiheshimu ni ile isiyomdanganya juu ya huzuni.

Watoto wa Maman'tilie ya Emmanuel Mbogo, iliyotoka mwaka 2002, ni mfano wa uaminifu huo. Mama anapika na kuuza chakula barabarani jijini Dar es Salaam, baba yao, Mzee Lomolomo, ni mlevi, na watoto Peter na Zita wanarudishwa nyumbani kwa kukosa mahitaji ya shule. Mji unawapokea mahali pabaya, kwenye jalala na katika biashara haramu. Riwaya ni fupi na lugha yake ni ya moja kwa moja. Mwandishi hamlaumu mtoto kwa kosa la watu wazima, na msomaji hapewi faraja ya uongo.

Takadini ya Ben Hanson, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza na kusomwa sana katika shule za sekondari za Tanzania, inarudi nyuma zaidi katika wakati. Sekai anajifungua mtoto zeruzeru, na kwa kuwa desturi ya kwao inataka mtoto huyo auawe, anatoroka naye. Anapokewa na mzee Chivero katika kijiji kingine, na mtoto anakua akiwa amezungukwa na hofu za watu. Riwaya hii inafungua mazungumzo juu ya jinsi jamii inavyomtafuta wa kulaumiwa inapoogopa. Waliopitia wakati wa Ebola, ambapo aliyepona aliweza kuepukwa na majirani zake, hawatahitaji maelezo marefu.

Riwaya inayogusa kwa karibu zaidi ni Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotoka mwaka 2014 na kuwa kitabu teule nchini Kenya kwa miaka kadhaa. Ridhaa, daktari, anapoteza jamaa zake nyumba yake inapochomwa katika vurugu za baada ya uchaguzi, tena kwa mkono wa jirani. Anaishi kambini pamoja na wakimbizi wengine wa ndani. Sambamba na habari yake inakwenda habari ya ndugu watatu, Umu, Dick na Mwaliko, wanaotawanyika na kulelewa na watu mbalimbali kabla ya kukutana tena. Wahusika ni wengi, na msuko unapinda mara kwa mara, kiasi kwamba msomaji anayeanza anaweza kupotea. Lakini mwandishi anauliza jambo ambalo wengi huliacha: baada ya kuchomwa nyumba, maisha yanaendelea vipi? Jibu lake ni malezi. Watoto wanaokolewa na watu waliokubali kuwa wazazi wa wasiowazaa.

Hatuna budi kutoa tahadhari. Kurasa za mwanzo za Chozi la Heri zina moto na majivu. Mwalimu wa Beni hapaswi kuanza nayo, wala kumtaka mwanafunzi yeyote asimulie yaliyompata kwa kisingizio cha kufafanua kitabu. Kitabu kina faida hii, kwamba kinamruhusu msomaji kuzungumza juu ya Ridhaa bila kulazimika kujizungumzia mwenyewe.

Riwaya za haki

Baada ya njia na nyumba, swali linalofuata ni la utawala. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 2012, inamweka mbele kijana Amani, mtunzi ambaye mswada wake umeibwa na kuchapwa kwa jina la mwingine. Anafika Sokomoko, anakuwa mchungaji wa ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora, na polepole anagundua kwamba mwizi wa mswada ni Majisifu, ndugu wa Mtemi huyo. Pamoja na Imani, msichana aliyekutana naye njiani, anaikabili familia iliyowadhulumu watu wengi. Kijana wa Vulamba atapendezwa na jinsi riwaya inavyoonyesha kwamba wizi wa ardhi na wizi wa maneno ni matawi ya mti mmoja. Atapendezwa pia na tabia ya Amani, ambaye analipiza kidogo kuliko tunavyotarajia.

Kwa wanafunzi wa mwisho wa sekondari na wa chuo kikuu, inafaa kuongezwa Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, ya mwaka 2021, iliyochukua nafasi ya Chozi la Heri katika shule za Kenya. Mangwasha, mwanamke wa jamii ya Waketwa inayobaguliwa na watawala, anapigania haki ya watu wake katika nchi ya Matuo inayotawaliwa na Mtemi Lesulia. Mhusika mkuu si kijana, bali ni mama. Hata hivyo mgogoro wa ardhi, ukabila wa viongozi na kijiji kinachochomwa ili watu wahame ni mambo yanayosomeka Lubero kama yanavyosomeka Nairobi.

Tatizo la lugha

Tufikie sasa kikwazo kikubwa. Kiswahili cha Vulamba si Kiswahili cha vitabu hivi. Msemaji wa Kivu husema batoto mahali ambapo kitabu kinasema watoto. Husema katoto na tutoto kwa udogo, wakati kitabu kina kitoto na vitoto. Husema mu nyumba kwa nyumbani, na huenda ku masomo kwa maana ya kwenda shuleni. Maneno yake mengi ya ofisi, hospitali na ufundi yametoka Kifaransa, na yale ya kitabu yametoka Kiarabu au Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba kijana anayezungumza Kiswahili tangu utotoni anafungua ukurasa wa kwanza na kudhani kwamba lugha ile si yake.

Jambo hili ni nyeti zaidi katika Siku Njema. Shujaa wake anaitwa Msanifu, na sehemu ya utukufu wake ni ufasaha. Anasifiwa kwa kukijua Kiswahili kuliko wenziwe. Msomaji wa Butembo anaweza kulichukua jambo hilo kama mwaliko, lakini pia anaweza kulichukua kama tusi. Ni wajibu wa msomeshaji kumpa habari inayofuta tusi hilo: Ken Walibora mwenyewe, aliyefariki mwaka 2020, hakuwa mtu wa pwani. Alizaliwa na kukulia magharibi mwa Kenya, mahali ambapo Kiswahili hujifunzwa juu ya lugha nyingine ya nyumbani, kama ilivyo Vulamba. Kezilahabi naye alizaliwa katika kisiwa cha Ukerewe, ambako lugha ya nyumbani ni Kikerewe. Waandishi wakubwa wa riwaya ya Kiswahili wametoka mara nyingi katika nchi za maziwa, si kwenye mwambao peke yake. Mtoto wa Kinande hana sababu ya kujiona amechelewa mlangoni.

Kutokana na hali hiyo, tunapendekeza mambo manne. Kwanza, riwaya isomwe kwa sauti, sura moja au mbili kwa kikao, kwani sikio la kijana hutambua mengi ambayo jicho lake limeyakosa. Pili, maneno magumu yaandikwe ubaoni kabla ya kusoma, lakini yasizidi kumi. Mengine yaachwe yaeleweke kwa muktadha. Tatu, mjadala ufanywe kwa Kiswahili cha mahali, na mwalimu asimkatize mwanafunzi ili amsahihishe upatanisho wa ngeli. Kijana atakayesema “batoto ba Maman'tilie banateseka” amekielewa kitabu. Nne, kila msomaji aandike ukurasa mmoja baada ya kila kitabu, kwa Kiswahili chochote alichonacho. Usanifu utakuja wenyewe kwa wingi wa kusoma, kama unavyokuja kwa wasomaji wote.

Kuhusu mfuatano, tungeanza na Marimba ya Majaliwa na Watoto wa Maman'tilie, ambazo ni nyepesi kwa lugha. Tungefuata na Takadini na Siku Njema. Kisha Kidagaa Kimemwozea na Mbali na Nyumbani. Na mwisho Chozi la Heri na Nguu za Jadi.

Vitabu vitafikaje?

Swali la mwisho ni la vitendo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022. Barabara ya Kasindi inayoleta vitambaa, pikipiki na mabati inaweza kuleta pia katoni ya vitabu, na katoni moja inatosha kuanzisha maktaba ya darasa. Nakala tano za kitabu kimoja, zikipokezanwa na kusomwa kwa sauti, zinahudumia wanafunzi thelathini. Vyuo vya Butembo, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichoanzishwa mwaka 1989, vina nafasi ya kuwa vituo vya kuvipokea vitabu hivi na kuwaandaa walimu watakaovisomesha.

Hatusemi kwamba riwaya ya Kifaransa iachwe. Vijana wa Kongo wameisoma kwa faida, na Zamenga Batukezanga, aliyefariki mwaka 2000, aliwathibitishia kwamba Mkongo anaweza kuwaandikia Wakongo kwa lugha nyepesi juu ya mambo yao. Tunachosema ni kwamba Kiswahili nacho kinastahili nafasi hiyo katika mfuko wa shule wa mtoto anayekizungumza.

Hitimisho

Riwaya tulizozijadili zimetungwa mbali na Vulamba, na hakuna hata moja inayotaja Butembo au Beni. Zinaweza kumwonyesha kijana wa Vulamba kwamba Kiswahili kinatosha kusimulia kufiwa, kukimbia, kutafuta na kurudi. Haziwezi kumsimulia yeye mwenyewe. Riwaya ya kijana aliyetoka Oicha kwa miguu, au ya msichana aliyeachiwa wadogo zake Katwa wakati wa Ebola, itaandikwa na mtu aliyekuwapo. Na mtu huyo hataiandika kwa Kiswahili kama hajawahi kukiona Kiswahili kikisimulia. Ndiyo maana kila nakala inayovuka Kasindi ina thamani: miongoni mwa watakaoisoma, huenda yupo mmoja atakayeijibu kwa kitabu chake.